Maikroni Kumi na Tano

Miaka kumi na tisa niliandika ubaoni swali lile lile:
Taja mikoa mitatu izalishayo sufi.
Wakaitaja. Vizuri. Kwa mpangilio wa alfabeti.
Nje ya dirisha lori la mnunuzi likipakia magunia,
likielekea kusini, mpakani, likituachia vumbi na noti chache,
na baridi ilipoingia skafu zikarudi dukani kwa Tserendulam
zikiwa na nembo ya mji tusioweza kuutamka,
bei yake mbuzi wawili na kwato za wa tatu.

Hakuna aliyeuliza: Mwalimu, hapo katikati kulitokea nini?
Hata mimi sikujiuliza.
Katikati haikuwemo kwenye mtihani.

Kisha ukaja mtaala mpya,
kurasa mia mbili na kumi, umefungwa kwa kamba ya plastiki,
pamoja na mkaguzi aliyekohozwa na moshi wa jiko letu la samadi,
akisema baina ya kikohozi na kikohozi:
stadi, ubunifu, pato la taifa.
Nikatikisa kichwa kama mbuzi aliyemwagiwa maji.
Mageuzi matatu nimeyazika kwa mikono yangu
chini ya rafu ya ramani.
Hadubini nne tulizoahidiwa zilifika Machi.
Mbili zilikuwa na lenzi.

Somo la kwanza: chukua gramu mia za sufi,
osha, kausha, pima tena.
Zikabaki sitini na moja.
Darasa likanyamaza.
Thelathini na tisa zilikuwa mafuta, mba, na mchanga wa Gobi;
tulikuwa tukiuza jangwa letu kwa kilo
na kukatwa bei kwa sababu ya jangwa hilo hilo.
"Nani analipia dizeli ya kubeba mchanga?"
akauliza Togoldor,
kijana ambaye hajawahi kuniuliza kitu
isipokuwa ruhusa ya kutoka nje.

Choijamts alikuja na farasi mpaka mlangoni.
Hakushuka.
"Binti nimemleta shule awakimbie mbuzi.
Nanyi mnamrudishia mbuzi ndani ya daftari?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chai; hakuitaka.
Mkewe alifia kwenye tufani ya Aprili, chanuo mkononi,
na hilo halimo katika mtaala wowote.

Lakini Anudari, huyo binti, alikwisha kuinamia hadubini,
unyoya mmoja mmoja, hadi mia,
kila kipimo akikiandika kwa penseli iliyotafunwa.
Wastani: kumi na tano nukta mbili.
Na mnunuzi, mwaka baada ya mwaka,
alituandikia kumi na saba, sufi nene, daraja la pili,
nasi tukaweka dole gumba.
Mali bila daftari huisha bila habari.
Methali naijua tangu utotoni.
Hesabu yake ndiyo sikuwahi kuifanya.

Mei, mizani ilipotundikwa,
Choijamts akatoa karatasi kwenye mkunjo wa joho lake.
Mnunuzi akacheka.
Akaisoma tena.
Akaacha kucheka.
Bei ikapanda, si kwa haki yote, kidogo tu:
kiasi cha matairi mawili ya pikipiki na viatu vya mtoto.

Usiniambie basi taifa limeinuka.
Kiwanda cha kuoshea sufi kina paa, hakina boila.
Togoldor yuko mji mkuu akijifunza boila,
anaandika kwamba atarudi. Wengi waliandika.
Mkaguzi amehamishwa. Lenzi moja imepasuka.
Na mwaka huu, mtihani wa taifa, swali la nne:
Taja mikoa mitatu izalishayo sufi.

Anudari akaitaja.
Kisha pembeni, pale pasipotolewa alama,
kwa herufi ndogo, akaandika:
Ya maikroni ngapi? Na nani aliyepima?